Funguo za Bertilla na Sikio la Ndugu Kornel

Tarehe 30 Juni 1984, king'ora cha kutoka kazini kitakapolia, Ndugu Kornel Kasonso atakuwa ametimiza miaka ishirini na sita ya utumishi katika kinu chetu cha sembe hapa Sumbawanga. Atanawa grisi mikononi, atavaa koti lake la buluu, na atatoka getini akiwa mstaafu. Walinzi wamekwishaonywa wasithubutu kumpekua siku hiyo, maana atawapigia hotuba.

Ndugu Kornel alizaliwa Mwazye, katika ukoo wa wahunzi. Babu yake alifua majembe, na kazi ya mjukuu ilikuwa kuvukuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Ngozi ikipasuka, hewa inavuja, moto unalegea, na mjukuu anakula konzi hata kabla tundu halijatafutwa. Mwenyewe anasema huko ndiko alikojifunza kuiheshimu hewa inayovuja. Alikuja mjini mwaka 1958 akaajiriwa kupaka grisi, kinu kikiwa bado mali ya mfanyabiashara mmoja. Kilipokuja kuwa cha umma, Kornel alikuwa fundi tayari, na haukupita muda akawa fundi mkuu wa mitambo.

Si mtu mnyenyekevu, na leo hatutamsingizia unyenyekevu. Anajua kazi yake na anajua kwamba anaijua. Tena injini imemwibia sikio la kushoto, kwa hiyo husema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Mkewe, Mama Silvana, ametueleza kwamba nyumbani kwao hakuna siri: akimnong'oneza mumewe jambo, mume hulijibu hadi jirani anachangia mawazo.

Vijana walioajiriwa juzi hawajui tulikotoka. Injini yetu kubwa huwashwa kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi. Miaka ile mitungi ilijazwa jioni, na asubuhi tukaikuta mitupu. Njia ya kutafuta tundu ilikuwa kupaka povu la sabuni kwenye kila ungio la bomba, kisha kungoja kuona wapi linafura. Na sabuni yenyewe mnakumbuka ilivyokuwa. Kina mama walipanga foleni duka la ushirika toka alfajiri wakaambulia kipande, huku Ndugu Kornel akipita na ndoo ya povu jeupe kwenda kuogesha mabomba. Walimtazama kwa jicho baya sana, na wengine walikuwa dada zake.

Mwaka 1979 alipelekwa Dar es Salaam kwenye mafunzo pamoja na mafundi wa viwanda vingine vya umma. Alirudi na kisanduku chenye mdomo kama tarumbeta ndogo, fimbo nyembamba ya chuma ya kuchomeka mbele, na visikilizio vya kuvaa masikioni. Alitueleza, kwa sauti yake ile, kwamba hewa inayopenya kwenye tundu na beringi inayoanza kuharibika hutoa mlio mwembamba mno ambao sikio la binadamu haliufikii. Kisanduku huunasa mlio huo na kuushusha hadi mtu ausikie, hata mashine zote zikiwa zinanguruma. Sisi tukakiita Redio ya Kornel, redio isiyo na taarifa ya habari wala salamu za wasikilizaji.

Wiki ile ile alipata tundu la mitungi. Lilikuwa chini ya vali, upande wa ukutani, mahali ambapo mkono wenye povu haufiki. Kesho yake injini iliwaka mara moja, na sabuni ikarudi kufua nguo. Kina mama wakaanza tena kumwitikia salamu.

Sasa mambo ya funguo. Bertilla, mtunza stoo wetu, hutembea na tita la funguo kiunoni, na hajawahi kuliacha mahali, hata kanisani. Siku moja Ndugu Kornel aliielekezea redio yake mota ya kinu namba mbili, akasikia mlio wa kutisha, akaamuru mota izimwe. Tukaifungua tangu asubuhi hadi jioni. Beringi zilikuwa zinang'aa kama sahani za harusi. Tukairudisha, akasikiliza tena, akausikia mlio ule ule. Hapo ndipo Meneja wetu, Ndugu Anyosisye, mtu wa Mbeya mwenye macho ya utulivu, alipogundua kwamba mlio huja kila Bertilla anaposogea kuangalia kama vifaa vyake vinatumika vizuri, na hunyamaza akisimama. Funguo zikigongana hutoa mlio ule ule mwembamba, na redio haina macho ya kuchagua.

Sikio halilali na njaa. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika sokoni, na tulicheka mpaka kesho yake. Ndugu Kornel akapewa jina la Daktari wa Funguo. Kila alipovaa visikilizio, mtu mmoja aliuliza kwa upole kama Bertilla yuko karibu. Yeye alijibu kwa maneno ambayo Mhariri wa jarida letu hataruhusu yachapwe. Lakini toka siku hiyo aliacha kuielekeza tu redio kwenye beringi. Alichomeka ile fimbo ya chuma na kuigusisha kwenye chuma chenyewe, ili asikie anachokigusa na si kinachopita.

Mchezo ulikwisha msimu wa mwaka 1982. Malori ya mahindi yalikuwa yamejipanga kutoka getini hadi barabara ya Laela, na shule na hospitali zilikuwa zikingoja unga. Ndugu Kornel alipanda orofa ya juu, ambako mkanda wenye ndoo za kupandishia mahindi huyamwaga, akagusisha fimbo kwenye beringi ya juu ya mkanda. Akateremka amebadilika uso. Alimwambia Meneja kwamba beringi ile inakufa, ndani yake mnasikika kama mahindi yanayokaangwa, na kwamba kinu kisimame siku hiyo hiyo. Ikikwama ikiwa inazunguka itawaka moto, na moto katikati ya vumbi la unga hulipuka, si moto wa kuzima kwa ndoo.

Tukashika kasha la beringi kwa nje, joto lake la kawaida. Tukatega masikio, hakuna kitu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tulikuwa tumeshaumwa na mota namba mbili. Kwenye kikao cha kamati ya wafanyakazi, ofisini kwa Meneja, mtu akauliza, kama kawaida, Bertilla alikuwa wapi. Watu wakacheka. Ndugu Kornel hakutukana. Alisimama pale na visikilizio shingoni, akatutazama mmoja mmoja. Mimi, Urbano, ninayeandika maneno haya, nilikuwa na zamu ya orofa ya juu pamoja na wenzangu wote wa mkandani, na nilicheka pia. Nilikuwa nacheka nikiwa nimekalia kaa la moto.

Alitoka kikaoni, tukadhani amesusa. Kumbe alikwenda stoo. Alimwomba Bertilla aache funguo zake kwenye meza ya Meneja na apande naye juu. Bertilla alisita, maana zile funguo ni kama mtoto wa mgongoni, lakini akaja akaziweka. Kabla ya kupanda, Kornel alimvisha visikilizio. Kwanza akamgusishia beringi ya chini ya mkanda, ile iliyo salama, bila kumwambia atasikia nini. Kisha wakapanda kwenye ile ya juu.

Bertilla alirudi kikaoni nywele zimejaa unga. Hakuongeza chumvi. Alisema, "Ndugu Meneja, funguo zangu hizo hapo mezani kwako, hazijasogea. Basi mimi nimesikia nini huko juu? Ya chini inavuma kama nyuki waliotulia. Ya juu inatafuna mawe."

Ndugu Anyosisye alitazama funguo, akatazama malori dirishani, akasema kinu kisimame. Hilo nalo lilihitaji moyo, na tunamshukuru.

Beringi ilipofunguliwa, kizimba kinachoshika gololi kilikuwa kimevunjika vipande, grisi imeungua ikawa kama lami, na chuma kimegeuka rangi ya samawati. Vumbi la unga limeizunguka pande zote. Mwenzetu Flavian, ambaye hufagia chini ya mkanda ule ule, alikaa sakafuni. Bertilla alichukua funguo zake mezani, akaenda stoo, akarudi na beringi mpya, na safari hiyo hakudai sahihi ya mtu. Malori yalisubiri, na unga ukaenda shuleni na hospitalini ukiwa umechelewa kidogo. Sisi wa orofa ya juu tulikwenda nyumbani kwetu jioni tukiwa wazima, tukala ugali na watoto wetu.

Msidhani baada ya hapo alijinyenyekeza. Alitembea na visikilizio shingoni wiki nzima, hata kantini, na kila aliyecheka kikaoni aliitwa akasimuliwe upya. Mimi niliitwa mara nyingi zaidi. Nilikwenda kila mara, kwa sababu deni la uhai halilipwi kwa kupiga chenga.

Toka msimu ule hakuna beringi iliyotushtukiza. Kila Jumatatu Ndugu Kornel huzunguka kinu kizima na redio yake, na nyuma yake hufuata Bertilla, funguo ameziacha mezani. Sikio la kulia la Kornel nalo limeanza kuchoka, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Meneja kusema kwamba mlio mwembamba sasa Bertilla huupata kabla yake. Kwa mtu wa majivuno yake, tunajua maneno hayo yalimgharimu. Kuanzia Julai mosi Bertilla ndiye atakayevaa visikilizio, na stoo itapata mtunzaji mwingine.

Ndugu Kornel, unarudi Mwazye kwenye mahindi, maharage na ng'ombe wako. Ahsante kwa injini zilizowaka, kwa sabuni iliyorudi majumbani, na kwa kutokukaa kimya siku tuliyokucheka. Tunakuombea uzee wenye afya, mvua za wakati wake, na Mama Silvana asichoke kukunong'oneza.

Wafanyakazi wamekuchangia blanketi na redio, hii ya kweli, yenye taarifa ya habari. Bertilla ameongeza zawadi yake: funguo za kufuli la zamani la stoo, amezifunga kwa uzi. Ukitukumbuka zitikise, anadai atakusikia hadi hapa. Ufunguo mmoja peke yake haulii, ndiyo maana amekufungia mbili.