Fundi wa Taya Anaondoka, Mfupa Bado Mbichi

Baada ya miaka thelathini na mmoja, daktari wetu wa upasuaji wa kinywa, ambaye jengo zima linamwita Fundi, anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike kwa furaha, maana mimi ndiye muuguzi niliyemshikia vifaa muda mrefu kuliko wote. Nitajaribu, lakini msininunie nikishindwa.

Watu humjia wakitaka meno ya kupandikiza, yale yanayofungwa kwa skrubu ndani ya taya. Kumbe jino likishang'oka miaka mingi, taya nalo huliwa, skrubu ikakosa pa kushika. Fundi hupasua ufizi, huweka unga wa mfupa, hushona, kisha huamuru kusubiri miezi sita. Hapunguzi hata wiki. Mzee mmoja aliposikia unga huo umetokana na ng'ombe, aliuliza kama ataota pembe. Fundi alimjibu kwamba pembe zina daktari wake.

Yupo pia mwalimu wa chekechea ambaye hajacheka mbele ya watoto miaka minane sasa. Alijengwa taya mwaka jana. Kabla halijakomaa binti yake akaolewa, mama akaona aibu ya picha, akavaa meno yake ya zamani ya bandia kutwa nzima. Yakakandamiza mfupa mbichi, kazi yote ikaharibika. Jamani, alilia mpaka tukalia naye. Fundi hakumkaripia, Aprili hii alianza upya. Skrubu ni Oktoba.

Na Oktoba hakuna mtu. Madaktari wawili waliopelekwa kusomea kazi hii hawakurudi, barua zetu tatu za kuomba daktari mwingine hazijajibiwa, na mkono wa kulia wa Fundi umeanza kutetemeka. Mwenyewe alikataa kuongezewa hata mwezi, akisema hatoboi taya la mtu kwa mkono asiouamini. Ana haki. Ila mimi nimekata tamaa, sifichi.

Jumatatu mwalimu alikuja kuangaliwa, hana habari ya kustaafu. Fundi akapapasa ufizi, akamwambia safari hii mfupa unashika vizuri. Mama wa watu akashukuru, akasema tutaonana Oktoba. Fundi akaniangalia, akavua glavu zake. Nami nikaandika miadi kwenye kadi yake, tarehe na saa, kwa sababu sikujua la kufanya.

Asante, Fundi, kwa yote. Nenda ukapumzike, wajukuu wakushike huo mkono, Mungu akupe siku njema na nyingi. Mwalimu nitamwambia mimi, wiki ijayo, ukishaondoka.