Ua Alilokuja Nalo Mama

Katika nyumba hii hata kufa kimya mtu haruhusiwi. Haya, Gillian, Keith, kaeni. Mto uache ulipo, Gillian, sijaomba kunyanyuliwa. Mnataka kujua liko wapi ua la bibi yenu, ile helebori ya rangi ya waridi yenye madoa aliyokuja nayo siku aliyoolewa, niliyokuahidi wewe, Gillian, tangu hujaota meno. Niliwaambia baridi iliiua. Mkaamini, wajinga nyie, ua linalochanua Januari theluji ikiwa juu yake!

Sikilizeni basi. Muriel wa ng'ambo ya ukuta alikuwa na lake jeusi kama wino, na kila Februari watu walikuja toka York kulipigia magoti, wakiinua kidevu cha ua kilichoinama ili wauone uso, huku kwangu hakuna aliyesimama hata kufunga kamba ya kiatu. Wivu ukanishika. Alipokwenda kwa dada yake, niliingia kwake na brashi ya kupakia rangi ya Keith, nikachukua chavua ya ua letu nikaipaka kwenye kila ua lake, ili mbegu zake zichanganyike na letu. Mbegu Muriel akazipanda, akazilea miaka mitatu.

Yakachanua waridi iliyochanganyika na rangi ya matope, madoa tele.

Akaja mlangoni na bakuli la maji, maua yanaelea.

"Hongera, shoga. Wajukuu zako hawa."

"Nyuki hao, Muriel."

"Nyuki gani anaacha unywele wa brashi? Nimeutunza tangu siku ile, nikangoja nione."

Akasema ua letu likiendelea kukaa pale ukutani, lake halitakuwa salama tena. Ama niling'oe, ama Jumapili kanisa zima lisikie.

Nipe maji. Kidogo.

Nyumba gawaneni sawa. Keith, usimuuzie dada yako sehemu yako kwa bei ya kumkomoa. Majani makuukuu ya helebori zilizobaki yakateni Desemba, na mvae glavu, utomvu wake unababua. Mungu awashike mkono, nyote wawili... hata Muriel, ingawa namwonea wivu mpaka sasa, goti lake bado linakunjika.

Nisogeleeni, sauti inakwisha.

Nililing'oa mwenyewe, Gillian, kwa uma wa bustani wa mama, likiwa na maua kumi na saba. Nikalibeba hadi kwenye moto wa takataka wa Muriel, naye akasimama mikono kifuani, hakuniruhusu kuondoka, mpaka mzizi wa mwisho ukaacha kutoa moshi.