Fundi Sikio na Jina la Pikipiki

Marehemu, ambaye wote tulimwita Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, akiwa wa pili kati ya watoto wanne. Tarehe hiyo aliitoa mwenyewe. Mimi, shemeji yake, naisoma kwa shingo upande, maana kabla sijamtajia tarehe yangu alikuwa mdogo kwangu, nilipomtajia akawa mkubwa.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, kisha akajifunza ufundi kwa mjomba wake. Mwaka 1979 alifungua karakana ya pikipiki nyuma ya kituo cha mafuta. Mteja akianza kueleza ubovu, alimkatiza: "Hebu nyamaza wewe. Hiki chombo hakikupewa jina na mtu, kilijitaja chenyewe. Piki, piki, piki! Kikikosea jina lake, kinaumwa." Asili hiyo ya neno nimewasikia wengi wakiisema, ila yeye aliisimulia kama vile alikuwepo. Halafu aliegemeza bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akataja ugonjwa. Nilimvizia miaka mingi akosee, wapi.

Alifunga ndoa na dada yangu tarehe 14 Agosti 1982. Dada aliitambua pikipiki yake kwa mlio ikiwa bado kona ya mbali, akabandika chai.

Miaka ya karibuni marehemu alianza kutushuku wote. Tukicheka, tunamcheka yeye. Mafundi wake aliwagombeza kwamba wananong'ona. Pikipiki mpya alizikataa: "Pikipiki gani hii isiyojijua jina?" Dada naye akamshuku. Akimwita, haitiki. Simu ikilia, anaipa mgongo. "Shemeji yako ana mtu," dada aliniambia, na akafunga mizigo yake.

Asubuhi ya kuondoka dada alimkuta mumewe uani, ameiwasha pikipiki yao ya kwanza, bisibisi sikioni, machozi yanamtiririka. "Hata hii imesahau jina lake," alisema peke yake. Dada alimwita kutoka nyuma. Hakugeuka. Akamwita kwa sauti kubwa zaidi, na bado hakugeuka. Hapo ndipo dada alipoelewa kwamba Fundi Sikio alikuwa hasikii, na aibu ilikuwa imemziba mdomo. Alimshika mkono, akakiweka kiganja chake juu ya tangi. Marehemu aliusikia mtikisiko kiganjani, akacheka kama mtoto. "Ipo! Inajitaja!"

Mizigo ilifunguliwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo alitengeneza kwa kiganja, na sisi tuliongea naye tukimtazama usoni.

Alipata kiharusi tarehe 2 Mei 2021, akafariki hospitalini tarehe 6, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mafundi ambao nina hakika anawashuku mpaka sasa.

Madereva aliowatengenezea wameomba kuwasha pikipiki zao tunapomshusha kaburini. Dada amekubali, kwa sharti moja: wasogee mpaka ukingoni mwa kaburi, udongo utikisike, apate kuzisikia kwa njia yake.

Pumzika salama, shemeji. Haya, washeni.