Fundi Yakub Bogere, Aliyegeuza Kitanda Chake (1956–2025)

Bismillahi Rahmani Rahim. Maneno haya yanasomwa nyumbani kwake hapa Mbale, leo Ijumaa tarehe 13 Juni 2025, kabla wanaume hawajambeba kwenda msikitini. Yameandikwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha aliyozungumza na nusu ya watu walioketi chini ya hema hili, madereva na wafanyabiashara waliovuka mpaka alfajiri kuja kumzika.

Yakub Bogere alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 Mpumudde, Jinja, mtoto wa tatu wa Shakul Bogere, fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza za maduka ya Wahindi mjini, na mkewe Nangila. Wazazi wote wawili wametangulia mbele ya haki.

Alisoma shule ya msingi Mpumudde hadi darasa la saba mwaka 1970, na kabla ya hapo alipitia madrasa. Mwalimu wake wa madrasa aliwafundisha watoto kulala ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwauliza akina mama kama kweli watoto wao wanalala hivyo. Waliokutwa wamelala hovyo walichapwa. Yakub hakuchapwa hata siku moja, na tabia hiyo akakua nayo.

Mwaka 1972 aliingia gereji mjini Jinja kujifunza ufundi wa injini. Tarehe 20 Desemba 1980 alimwoa Jamirah Kagoya, jirani yake wa Mpumudde. Mwaka 1983 alihamia Mbale kutafuta kazi, akimwambia mkewe angoje Jinja mpaka apate nyumba. Bi Jamirah alingoja siku tisa, akapanda basi na mtoto mgongoni.

Wengi wenu mlimjua kwa kazi yake. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. Bwana Wasike, dereva wa lori kutoka Bungoma, ambaye yupo hapa nasi, alikuwa akimuuliza, "Fundi, inasemaje?" Naye alimjibu, "Inasema wewe ni mwongo. Uliniambia umebadilisha oili."

Mwaka 2012 mwenye duka la injini za mtumba alilokuwa akilifanyia kazi alimtuma Japani, mji wa Toyama, kuchagua injini. Alifika tarehe 3 Oktoba, akapangiwa chumba katika nyumba ya wageni ya familia moja, kwenye mtaa wa nyumba za mbao zilizobanana, mbali na hoteli kubwa. Vyumba vilikuwa vinne. Mwenye nyumba alikuwa Bibi Sumie, mjane wa miaka themanini na mitatu, na mke wa mwanawe, Chika, ndiye aliyejua Kiingereza kidogo. Siku ya kwanza Bibi Sumie aliona kwamba mgeni wake hakugusa nguruwe, na nyama hiyo haikuonekana tena mezani. Alimwekea samaki, wali na supu, akasimama pembeni mpaka amalize.

Marehemu alisema hajaona mtaa safi kama ule, wala mkimya kama ule. Kila saa kumi na moja jioni kipaza sauti kilichofungwa kwenye nguzo kilipiga wimbo wa kuwaambia watoto warudi nyumbani. Kwa wiki tano hakumwona mtoto hata mmoja. Wimbo ulipigwa ukaisha, na hakuna mlango uliofunguliwa.

Katika nyumba ile mgeni hulala juu ya godoro jembamba ambalo hutandikwa sakafuni jioni na kukunjwa asubuhi. Bibi Sumie alilitandika mwenyewe, mto upande wa dirisha. Kutoka Japani kibla iko magharibi, kwa hiyo anayelala ubavu wa kulia akiielekea, kichwa chake huwa kaskazini. Marehemu akaligeuza godoro. Asubuhi bibi aliona, akalikunja kama kawaida. Jioni akaurudisha mto dirishani, naye mgeni akaugeuza tena. Waliendelea hivyo siku nne, kila mmoja akidhani mwenzake anasahau.

Asubuhi ya tano Chika aliletwa mezani kuwa mkalimani.

"Samahani sana," alisema. "Mama anaomba usiweke mto kaskazini. Upande huo sisi tunamlaza aliyekwisha kufa."

"Na sisi pia," marehemu alijibu. "Maiti wetu analala ubavu huu, uso huku. Na aliye hai analala hivyo hivyo."

Chika alitafsiri. Bibi Sumie aliuliza jambo kwa kirefu.

"Anauliza, huogopi kuzoea?"

"Mwambie mama nilianza nikiwa na miaka sita. Bado sijazoea."

Bibi alicheka, akiziba mdomo kwa kiganja. Tangu jioni hiyo alitandika mto kaskazini bila kuombwa.

Wiki mbili baadaye marehemu alirudi mapema kutoka yadi ya injini, alasiri, akakuta godoro lake limetandikwa mchana na Bibi Sumie amelala juu yake, ubavu wa kulia, uso kibla, kiganja chini ya shavu. Macho yalikuwa wazi. Alidhani amekufa, akaita. Chika alikuja, akapiga magoti, akazungumza naye polepole.

"Anasema anajaribu," Chika alisema. "Anasema ni pazuri. Anaomba tusimwambie mwanawe."

Tarehe 6 Novemba Bibi Sumie alikutwa amefariki chumbani mwake, na mto aliugeuza mwenyewe kaskazini. Hakuwa mgonjwa. Mwanawe alimwinamia Fundi Yakub na kumshukuru kwa kukaa nyumbani kwao. Chika alimuuliza swali moja tu: "Wewe ulimfundisha?" Siku ya pili yake Fundi alipanda ndege.

Wiki aliyorudi Mbale aligeuza kitanda chake. Tangu hapo alilala ubavu ule ule wa kulia, lakini mgongo kwa kibla. Mkewe alipomuuliza, alisema, "Mama Nulu, nikilala vile, na wewe utajaribu." Alikwenda kwa sheikh, naye akamwambia, "Mto hauiti mauti, Fundi. Mauti inajua njia bila kuitwa." Alimshukuru sheikh, lakini kitanda hakukirudisha. Mwaka 2019 Chika alimwandikia kwenye simu kwamba wamekifunga chumba alicholala yeye. Wageni waliolazwa na mto dirishani waliamka asubuhi vichwa vyao vikiwa kaskazini. Chika alitaka kujua Fundi Yakub alisema nini mle ndani. Alimjibu, "Nilisali tu."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, na tangu Februari mwaka huu hakutoka kitandani. Ndugu waliokuja walitaka kumwelekeza kibla, kama inavyopasa kwa mgonjwa aliyefika hali ile. Alishika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, na pamoja na udhaifu wake wote hawakuweza kumbandua. Aliogopa kufa akiwa ameipa kibla mgongo. Aliogopa zaidi kwamba wakimgeuza, mkewe atamfuata.

Jana Alhamisi asubuhi, mikono ya mumewe ikiwa bado kwenye ubao, Bi Jamirah alimwosha uso, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba Nulu," alisema, "uliniambia ningoje Jinja, nikakufuata Mbale. Hukuniita. Siku Mungu akitaka nikufuate, hata ukilala kichwa chini miguu juu nitakuja. Mbona unajisumbua?"

Marehemu aliachia ubao.

"Basi nigeuze," alisema. "Lakini usilale hapa."

Bi Jamirah hakukubali wanawe wamsaidie. Alipitisha mkono chini ya bega lake, akamgeuza peke yake. Yakub Bogere alifariki saa nne na dakika ishirini asubuhi, uso kibla. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha watoto watatu, Nulu, Bruhan na Shakul, na wajukuu kumi na mmoja. Ameacha mjane, Bi Jamirah Kagoya, ambaye leo asubuhi ameamka salama, amekunywa uji nusu kikombe, na ameomba godoro alilofia mumewe lisitolewe chumbani. Familia imelitoa. Tunawaomba akina mama mnaokuja kumpa pole mkae naye kwa zamu, mchana na usiku, na msimwache peke yake katika chumba kile hadi eda yake iishe.

Mwenyezi Mungu amsamehe Fundi Yakub, ampanulie kaburi lake, na ampe pumziko la amani, yeye peke yake.