Wa Kushika Upande wa Pili

Nyuma ya kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, pale barabara inapokata kona, pana benchi la watu watatu linalokaliwa na wanne. Kila saa nne asubuhi wafuaji hutoka na birika lao la kahawa, na kwa dakika ishirini dunia ni yao. Siku hiyo mzee Pasi, mkuu wa chumba cha kupigia pasi, hakuwa na raha. Mama meneja alikuwa amempa habari: wakubwa wa makao makuu wanataka benchi liondolewe, mahali pake papangwe matenga ya mashuka. Wangeliacha kwa sharti moja tu, waelezwe kwa nini watu wa kiwanda hiki siku hizi wanasaidiana bila kuamriwa. Jibu lilitakiwa kabla kahawa haijaisha. Na Pasi, kwa magoti yake yale, alilipenda benchi lile kuliko alivyothubutu kusema.

— Haya wataalamu, — alisema akimimina. — Shuka pana halikunjwi na mtu mmoja. Zamani ulisimama nalo mpaka mikono ife ganzi. Siku hizi ukilinyanyua tu, mtu keshadaka upande wa pili. Kwa nini?

— Sabuni, — alisema Povu, mfuaji wa mashine kubwa. — Hii mpya inanukia maua. Mtu akinusa maua hagombani. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa? — aliuliza Pasi.

— Si kuinama? Mimi nainama kutwa!

Sindano, mama anayeshona mashuka yaliyochanika, alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Sabuni wapi! Ni madirisha. Yalipokuwa yamefungwa, mvuke ulijaa mle ndani, hata ukiumia nani atakuona? Sasa ukikunja uso tu, mtu anakuuliza, dada, umeamkaje.

Hilo lilimwingia Pasi akilini. Lakini Profesa, dereva wa gari la mashuka, aliyeitwa hivyo kwa kusoma kila gazeti kuukuu lililofungiwa mzigo, alishakohoa.

— Nyie hamjasoma. Mvuke unafungua vitundu vya ngozi. Vikifunguka, uchoyo unatoka na jasho.

— Mimi jasho linanitoka mwaka wa ishirini huu, — alisema Povu, — mbona sukari yangu siwapi?

— Wewe vyako vimezibwa na sabuni. Haya, nawapa siri. Benchi hili lilitoka hospitali. Wagonjwa walilikalia wakipeana pole. Pole zikaganda kwenye mbao. Tukikaa, zinapanda.

— Zinapandia wapi? — aliuliza Sindano.

— Zinakopandia! Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

— Na wewe una kipara, Profesa.

Walicheka wote, hata Pasi, ingawa birika lilikuwa jepesi mkononi mwake. Angewaandikia nini wakubwa, kwamba pole zinapanda? Alipoinua macho akamwona meneja amesimama mlangoni, daftari mkononi.

Nyuma ya meneja alitokea dada aliyeanza kazi asubuhi hiyo. Alisitasita. Sindano akasogea. Povu akasogea. Profesa akabaki na nusu ya makalio hewani, huku akiendelea kutetea kipara chake. Dada akakaa, kikombe kikamfika mkononi, akawatazama mmoja mmoja.

— Samahani jamani. Kule nilikotoka nilikunja mashuka peke yangu miaka miwili. Hapa nani kawaambia mnisogezee?

Povu alimtazama Sindano. Sindano alimtazama Pasi. Profesa akasogea tena, akabaki na robo tu ya makalio benchini.

Meneja aliliandika swali lile kama lilivyo.

— Hili ndilo nitakalowapelekea, — alisema. — Wakilijibu, waje wachukue benchi lao. Na hayo matenga yaleteni ofisini kwangu, nitabanana nayo.

Pasi alilipigapiga benchi kwa furaha.

— Na wewe mama, nani kakwambia utusogezee?

Meneja alicheka tu. Pasi aliinua birika ammiminie, likawa tupu. Kahawa ya mwisho alikuwa nayo mgeni, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyempa. Basi Pasi akampa meneja kikombe chake, akasogea.