Mama Drocella Byukusenge, Aliyevuka Mto Pamoja na Woga Wake

Padiri Jean de Dieu, ndugu wa shirika, jumuiya yetu ya sala, wenyeji wetu wa kijiji hiki, nanyi mliotembea kwa miguu kutoka mbali ili kuwa nasi leo: mimi ni Laetitia, binti mkubwa wa marehemu. Baba ameniomba nisome maisha ya Mama kwa sababu yeye hawezi. Nimeandika ninayoyajua, na mengine aliyonieleza Mama mwenyewe alipokuwa mgonjwa. Aliniagiza hivi: "Usinifanye mutakatifu. Useme tu vile ilikuwa."

Mama Drocella Byukusenge alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Burungu, katika teritori ya Masisi, mtoto wa tano wa marehemu Papa Evode na marehemu Mama Verdiane, wakulima na wafugaji. Alizaliwa kengele ya misa ya asubuhi ikilia, na ndiyo sababu baba yake akampa jina Byukusenge, yaani "amka usali". Mama alikuwa akicheka sana akitueleza kwamba babu yetu mwenyewe hakuwahi kuamka kwa misa ile hata mara moja, akaona afadhali mtoto amfanyie hiyo kazi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Burungu, kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Njiani kulikuwa na kijito chenye gogo la kuvukia. Wenzake walikimbia juu yake, lakini yeye alibebwa mgongoni na kaka yake mpaka mwaka wa nne, kwa kuwa hakuweza kuona maji yakipita chini ya miguu yake. Woga huo haukumtoka hata alipokuwa mtu mzima. Baadaye aliendelea na sekondari kwa masista, akapata diploma ya ualimu mwaka 1981.

Mwezi wa Septemba mwaka huo alianza kufundisha huko Ngungu, kusini mwa Masisi, akapewa watoto wa mwaka wa kwanza. Hakuomba kamwe kupandishwa darasa. Kwa miaka arobaini na miwili aliwafundisha wadogo kuandika na kuhesabu kwa maharagwe. Wengine kati yenu mlipita mikononi mwake, na mnakumbuka alivyofanya siku ya kwanza ya shule, watoto wakilia na kung'ang'ania nguo za mama zao. Hakuwaambia wanyamaze. Alikaa chini kati yao na kusema, "Hata mimi niko naogopa. Basi tuogope pamoja mupaka saa ine." Saa nne ilipofika, wakati wa mapumziko, hakuna aliyekumbuka tena kwamba alikuwa akilia.

Tarehe 16 Julai 1983, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Papa Édouard, ambaye alikuwa na ng'ombe wachache na alitengeneza fromaji, yaani jibini. Alipokwenda kumposa alibeba fromaji aliyoitengeneza kwa mkono wake, na kwa wasiwasi aliitia chumvi mara mbili. Mama aliila yote mbele ya wakwe, kisha akanywa maji mpaka jioni. Baba alipomuuliza kwa nini hakusema kitu, alijibu, "Ningesema, ungerudi na ng'ombe za mahari." Walijaliwa watoto wanne: mimi, Déo, Falone na Igiraneza.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo watu wa Ngungu wanalijua, na ambalo Mama hakutaka lifichwe.

Kaka yetu Déo alikwenda Rubaya kuchimba madini ya coltan. Mwezi wa Mei 2015, baada ya mvua nyingi, kilima kilibomoka juu ya shimo alimokuwa na wenzake. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Mama alifika huko siku ile ile. Kwa siku tatu alipiga magoti kwenye matope, rozari mkononi, akimwomba Mungu mtoto atoke mzima, huku wachimbaji wakiondoa udongo kwa masepeto. Siku ya tatu walimtoa. Mama alimwosha uso kwa maji ya jagi, akamvalisha Déo rozari yake shingoni, na tulimzika nayo.

Kuanzia siku ile Mama hakusali tena. Alikuwa kiongozi wa sala katika shirika letu. Jumapili iliyofuata matanga alisimama mbele ya watu wote akasema, "Bandugu, musinipatie tena kazi ya kuongoza. Nikifungua kinywa, hakuna kitu inatoka. Sijui tena kama kuko Muntu ananisikia." Wengine walishtuka, wengine wakanong'ona. Padiri Jean de Dieu, ambaye wakati ule alikuwa kwetu, alimwambia, "Mama, ukuje tu uikae. Sisi tutasali."

Akaja, akaketi. Karibu miaka tisa, kila Jumapili, Mama alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, mikono kwenye mapaja, mdomo umefungwa. Wengine walipoimba, alitazama sakafu. Siku moja nilimuuliza kwa nini anaendelea kwenda. Alinijibu, "Nikibakia nyumbani, ndiyo nitakuwa nimejibu swali. Mimi bado sijajibu." Jina lake lilimuumiza. Mtu akimwita Byukusenge barabarani, aliinamisha kichwa.

Mwezi wa Februari 2024 vita vilifika Ngungu. Tuliondoka Jumatatu tarehe 12, watu thelathini na mmoja, tukaelekea upande wa Walikale. Vijana wetu walikuwa wametangulia kwa njia nyingine. Tulibaki wanawake, wazee na watoto, kila mtu na mzigo wake. Baba alikuwa akivuta mguu wake mbovu. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane. Siku ya tano milima iliisha, msitu ukaanza, na hatukuliona jua tena vizuri.

Jumamosi tarehe 17, saa nane mchana, tulifika kwenye mto huu unaopita chini ya kijiji. Mvua ilikuwa imeujaza. Maji yalikuwa na rangi ya udongo, yakibeba miti mizima, na kelele yake ilikufanya usisikie aliye karibu nawe. Daraja lilikuwa la kamba za msitu, zilizosukwa na kufungwa kwenye miti mikubwa ya kila upande. Pa kukanyaga hapakuzidi upana wa unyayo. Nyuma yetu masasi ya bunduki yalikuwa yakilia, si mbali sana.

Mtu mmoja alivuka kutoka ng'ambo kuja kwetu, akitembea juu ya zile kamba kama mtu anayepita uani kwake. Alikuwa Papa Akilimali, mkulima na mwindaji, ambaye wote mnamjua hapa. Alituangalia, akasema, "Daraja inabeba muntu mukubwa moja na mutoto moja. Wakubwa wawili, itakatika. Mimi nitabeba wazee. Batoto, nani atawapitisha?"

Wanawake wengi walikuwa tayari na mtoto mchanga mgongoni. Walibaki watoto tisa ambao mama zao hawakuweza kuwabeba pamoja na wachanga, nao walikuwa wadogo mno kuvuka peke yao. Wa kwanza aliyekuwa mbele ni Cyusa, mwenye miaka sita, mwanafunzi wa Mama wa mwaka ule. Alikuwa ameshika kitenge cha Mama.

Mama alisema, "Mimi."

Baba alipiga kelele, "Drocella, weye! Hata gogo ya kijito inakushinda!"

"Najua," Mama akajibu. Akamfunga Cyusa mgongoni.

Papa Akilimali alinyoosha mkono kumzuia. "Mama, ngoja. Hapa kwetu muntu hapiti juu ya hii maji mbele ya kunyamaza. Bazee wetu walifanya vile. Tunyamaze kwanza."

Tukanyamaza, watu thelathini na mmoja na mwenyeji wetu, masasi nyuma na mto mbele. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha Mama akakanyaga kamba.

Alikwenda hatua kwa hatua. Alipofika katikati, daraja likayumba upande, naye akasimama. Nilimwona akikaza mikono kwenye kamba. Nilijua ameshindwa. Falone alijifunika uso. Lakini niliona midomo ya Mama ikisogea, midomo ile ambayo haikusogea kanisani tangu mwaka 2015. Alibaki pale. Halafu akanyanyua mguu, akaendelea, akafika ng'ambo, akamteremsha Cyusa kwenye majani.

Akageuka, akarudi.

Alivuka mara tisa akienda na mara nane akirudi. Kila mara alisimama pale pale katikati, midomo ikasogea, akaendelea. Mtoto wa mwisho alipofika, Mama aliketi chini akatapika kwa woga. Papa Akilimali, aliyekuwa amekwisha kumvusha Baba na wazee wengine, alimletea maji kwenye jani, akamuuliza, "Mama, pale katikati ulikuwa unasema na nani?"

Mama alifuta kinywa. "Sijui vizuri," akasema. "Lakini alikuwa pale."

Baadaye alinieleza. Nilikuwa nimejifungua wiki tatu baada ya kuvuka, na yeye alikuwa ameshika mtoto wangu Tumukunde. Alisema, "Laetitia, usifikiri woga ilitoka. Ilibakia yote, mupaka mara ya mwisho. Nilimwambia tu: sijui kama Uko, lakini kama Uko, ukuje hapa. Sikusikia sauti. Sikuona mwanga. Lakini ndani ya ile woga kulikuwa Muntu, karibu kuliko hata Cyusa kwenye mugongo yangu. Mimi nilikuwa nafikiri Mungu anakujaka woga ikiisha. Kumbe alikuwa anaikala ndani yake."

"Na juu ya Déo?" nilimuuliza.

"Nilimuuliza. Mara tisa zote nilimuuliza. Hakunijibu." Machozi yakamtiririka. "Lakini hakukwenda."

Papa Akilimali na mke wake, Mama Annonciata, walitupa nyumba, mbegu na shamba la mihogo. Mama alianza kufundisha tena chini ya bashi, turubai la wakimbizi, watoto wa wakimbizi pamoja na wa wenyeji. Shirika la hapa lilipomwomba aongoze sala, alikubali kwa sharti moja: kwamba ataongoza kwa namna yake. Mlisali naye, mnajua. Alikuwa akisema, "Tunyamaze kwanza," na tulinyamaza mpaka tukasikia majani. Kisha alisema sala yenye maneno mawili tu, "Uko hapa," akaketi. Nisiwadanganye kwamba mashaka yalimwisha. Siku zingine alirudi kutoka kwenye sala na kuniambia, "Leo sikusikia kitu." Lakini aliyasema kama mtu anayeeleza hali ya hewa, kisha akaenda kumenya mihogo.

Mwezi wa Mei 2025 miguu yake ilianza kuvimba, akawa anakosa pumzi akipanda kutoka mtoni. Muuguzi wa kituo cha afya alisema ni moyo, na kwamba vipimo vinapatikana Goma. Njia ya Goma ilikuwa imefungwa. Tulimrudisha nyumbani na dawa zilizokuwepo. Mwezi wa Septemba hakuweza tena kulala chali. Siku moja mchana aliniita akaniambia, "Laetitia, niko naogopa."

Nilimuuliza, "Mama, nikuitie Padiri?"

"Umuite. Lakini ukuje kwanza unishike mukono. Usiseme kitu."

Nilimshika mkono. Tulikaa vile mpaka kivuli cha nyumba kikafika mlangoni. Uso wake haukubadilika kuwa wa mtu asiyeogopa. Ulikuwa uso wa mtu anayeogopa ambaye hayuko peke yake, na mimi niliyekuwa nimeketi pale nilihisi kwamba chumbani tulikuwa zaidi ya wawili. Sijui kueleza zaidi ya hapo.

Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, saa tisa mchana, mvua ilikuwa imekatika punde tu. Padiri, aliyekuwa amemaliza kumpaka mafuta, aliketi karibu na kitanda. Mama aliomba mlango ufunguliwe. Msitu wote ulikuwa ukitoa mvuke, na jua lilikuwa likipita ndani yake. Alitazama kwa muda, macho makubwa kama ya mtoto, akasema, "Angalia vile iko mukubwa!" Hatujui kama alikuwa akiusema msitu au Mwingine. Ndipo akatutoka. Alikuwa na miaka sitini na minne.

Mama Drocella anaacha mume, Papa Édouard; watoto watatu, Laetitia, Falone na Igiraneza, ambaye yuko Goma na hakupata njia ya kufika; wajukuu saba; na wanafunzi ambao hakuna anayeweza kujua idadi yao.

Tulikuwa tumejiandaa kuomba ruhusa ya kumzika pembeni ya njia, kama wanavyozikwa wageni. Jana asubuhi Papa Akilimali alituita. Alikuwa amekwisha kuchimba, yeye na ndugu zake, katika makaburi ya ukoo wao, karibu na mama yake mzazi. Baba alimshika mikono yote miwili kumshukuru. Papa Akilimali akamwambia, "Kaka, usinishukuru. Ukiuliza kwenu ni wapi, sasa unaweza kusema ni hapa."

Mungu, uliyemkaribia katika hofu yake, umlaze sasa mahali pasipo hofu, na amani yako imfunike kuliko udongo huu. Amina.