Bi. Tak Anastaafu kwa Daraja la Sita

Tarehe 31 Desemba mwaka huu, Bi. Tak Hye-suk, kiongozi wa Kitengo cha Bajeti, anastaafu baada ya kulitumikia Jiji la Haeseong kwa miaka thelathini na sita na miezi tisa. Katika muda huo amefanya kazi chini ya mameya wanane, wawili kati yao wakimaliza muhula wao mahakamani, na hajachelewa kufika ofisini hata siku moja. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike wasifu wake kwa maneno mepesi, akasisitiza nisisahau mafanikio ya jiji. Nitajitahidi. Mafanikio ya jiji hayatachukua nafasi kubwa.

Bi. Tak aliajiriwa Aprili 1989, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, kwa daraja la tisa, la chini kabisa, katika ofisi ya kata ya bandarini. Siku hizo karakana za meli zilifanya kazi usiku na mchana, kodi zilijileta zenyewe, na karani wa fedha alikuwa mtu wa kupiga mihuri na kunywa kahawa. Yeye naye alipiga mihuri, ila alikuwa na tabia moja iliyowakera wakubwa: alisoma karatasi kwanza. Wenzake walioajiriwa naye mwezi uleule hawakuwa na tabia hiyo, na wote walistaafu zamani wakiwa wakurugenzi.

Kosa lake kubwa la utumishi alilifanya mwaka 2009, alipokuwa Idara ya Bustani. Alitafuta miche ya bei nafuu, akaipata, akapanda miti yote iliyopangwa, kisha mwisho wa mwaka akarudisha hazina won milioni arobaini na moja zilizobaki. Akarudisha! Mwaka uliofuata bajeti ya Bustani ikakatwa milioni arobaini na moja zilezile, kwa hoja kwamba idara haina shida. Mkuu wake alifoka: "Nani alikutuma ubakize? Unataka tufe njaa?" Akaamriwa aandike barua ya kujieleza. Barua ipo mpaka leo kwenye faili lake, nami nimeisoma. Ina sentensi moja: "Nakiri kwamba nilinunua miche kwa bei yake."

Tangu hapo hakuna mtu katika jengo hili aliyerudia ujinga huo. Kila Novemba, idara zenye fedha zilizobaki huhangaika kutafuta pa kuzimwaga kabla mwaka haujafungwa, na pa kuzimwagia panajulikana: vitofali vya njia za waenda kwa miguu. Vile vya mwaka juzi hung'olewa vikiwa vizima, vingine vinavyofanana navyo hupangwa mahali pake, na mkandarasi hutushukuru kwa kikapu cha peasi. Bw. Gam, fundi viatu wa mbele ya lango letu, huijua hali ya hazina kuliko madiwani. Mwaka huu alimsimamisha Bi. Tak asubuhi akamwambia kwa sauti, ili sote tusikie: "Binti, mmebakiza nyingi kweli safari hii! Wamechimbua mpaka mlangoni pa benki. Waambie basi wasogee na mbele ya kibanda changu, au kodi yangu inanuka?" Uchimbuaji huo umegharimu won milioni mia tatu na themanini. Naomba msomaji aishike namba hiyo.

Sasa niseme juu ya treni, kwa kuwa niliagizwa nitaje mafanikio. Washauri waliolipwa vizuri walituambia kwamba treni ndogo ya juu ya nguzo ingebeba watu laki moja na arobaini elfu kwa siku. Jiji likaweka saini kwamba abiria wakipungua, litamlipa mwenye treni nauli za wale wasiopanda. Bi. Tak, ambaye hakuwa mshauri wa mtu, alikwenda kwenye vituo vya basi vya njia hiyo asubuhi tatu mfululizo akiwa na kifaa kidogo cha kuhesabia mkononi, akahesabu watu elfu tisa. Alipopeleka hesabu yake, meya wa wakati huo alicheka hadi machozi. "Mama huyu anahesabu watu waliopo," alisema kikaoni. "Sisi tunahesabu watakaokuja!" Ukumbi mzima ulipiga makofi, mimi nikiwemo.

Hao watakaokuja tunawasubiri tangu 2012. Wanapanda watu elfu kumi na moja kwa siku, wengi wao wazee wanaosafiri bure. Kwa hiyo mteja mkubwa wa treni ile ni jiji lenyewe, ambalo kila mwaka hulipa won bilioni thelathini na moja kwa ajili ya watu ambao huenda hawajazaliwa. Wakati huohuo karakana mbili za meli zimefungwa, maghorofa ya upande wa mashariki hayana wanunuzi, na ukitembea barabara ya soko la zamani utasoma neno "linapangishwa" kwenye kila duka la tatu. Kodi imeshuka miaka mitano mfululizo. Ripoti yetu ya mwaka imepewa kichwa "Haeseong Inapaa". Kichwa hicho nilikibuni mimi.

Fedha za viti vitupu lazima zitoke mahali, na hapo ndipo bajeti ya mwaka ujao ilipoanza kutazama Dolmaru. Kwa asiyefika huko: ni mtaa wa mlimani nyuma ya bandari, wa vijumba vya mabati na wazee waliojenga meli zetu. Bado wanapasha joto vyumba vyao kwa makaa ya mawe, yale ya duara yenye matundu. Kila majira ya baridi jiji huwalipia sehemu ya makaa hayo, jumla won milioni mia mbili. Ni kiasi kidogo kuliko tulichokifukia chini ya vitofali mwezi uliopita.

Tarehe 2 Desemba, Bw. Bang, Mkurugenzi wa Mipango na Fedha, alimwita Bi. Tak akamkaribisha chai. Mimi nilikuwa nimebeba majalada, nikabaki mlangoni. Mezani palikuwa na karatasi moja inayosema kwamba kaya zote za Dolmaru zimehamia kwenye gesi, hivyo msaada wa makaa hauna walengwa. Ilihitaji saini ya kiongozi wa kitengo. "Dada," alisema Bw. Bang, ambaye kwa miaka sita hajawahi kumwita dada, "ni kalamu tu. Hii ikipita bila kelele, mimi mwenyewe nitasimamia ile barua yako ya kupandishwa daraja."

Barua hiyo kila mtumishi anaijua. Anayeondoka kwa hiari kabla ya umri wake wa kustaafu, baada ya utumishi mrefu, anaweza kupandishwa daraja moja siku ya mwisho. Bi. Tak amekaa daraja la sita kwa miaka kumi na tisa. La tano ndilo daraja ambalo familia hulichonga kwenye jiwe la kaburi; mtu wa la sita huandikwa jina lake tu. Marehemu baba yake, mchomeleaji vyuma wa karakana namba mbili, alikufa akiwaambia majirani kwamba binti yake yu karibu kulifikia. Bw. Bang alilijua hilo, na hakuona haya kulitaja. "Mzee angefurahi sana huko aliko," alisema.

Wengine wangekiita hicho kilemba cha ukoka. Mimi nasema wazi kwamba Bi. Tak alikitaka cheo hicho, na alikuwa na haki nacho. Aliichukua karatasi, akaomba siku mbili.

Siku hizo mbili mimi naye tulizitumia kupanda Dolmaru. Bomba la gesi tulilikuta chini kabisa ya mlima, limeishia kwenye duka la simu. Juu yake hakuna gesi. Bi. Tak alikataa tubishe hodi tukiuliza maswali ya kuwaaibisha watu. Tulihesabu malango yenye majivu. Makaa yaliyokwisha kuungua wakazi huyaweka nje, kisha huyaponda njiani ili miguu isiteleze kwenye barafu. Malango yenye majivu yalikuwa mia mbili themanini na saba. Kwenye lango la mia na kitu alitokea Bibi Ok, mwenye miaka themanini na mitatu, aliyepika chakula cha wajenzi wa meli maisha yake yote. Nilimuuliza kama ana gesi.

"Gesi?" alisema. "Gesi ninayo tumboni, kijana, tena ya kutosha. Ukitaka nikugawie." Bi. Tak alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha bibi akatueleza, bila kulia wala kuomba: kwa msaada wa jiji huchoma makaa matatu kwa mchana na usiku. Bila msaada atachoma moja. "Hilo moja nitaliwasha alfajiri," alisema, "maana alfajiri ndiyo inayoua."

Bi. Tak alirudisha karatasi bila saini, pamoja na orodha ya nyumba zote. Bw. Bang aliitazama orodha kama mtu aliyeletewa samaki aliyeoza. "Umechagua mwenyewe," alimwambia, na hapo cheo kikaisha.

Karatasi haikuisha. Jioni ileile iliwekwa kwenye meza yangu, kwa kuwa kanuni zinaruhusu naibu kusaini kwa niaba, na naibu ni mimi. Niliahidiwa uongozi wa kitengo kuanzia Januari. Ningeweza kutaja ada ya masomo ya ziada ya binti yangu na mkopo wa nyumba ambayo hainunuliki wala haiuziki, lakini Bibi Ok naye ana hesabu zake. Nilikuwa nimepanda mlima ule kwa miguu yangu. Nilisaini.

Kesho yake Bi. Tak alijua, maana mfumo wetu wa nyaraka wa kompyuta humwonyesha kila mtu nani kasaini nini. Nilimsubiri anitukane. Alisogeza kwangu wali wake wa kuviringisha kwa mwani akauliza, "Umekula?" Nikala. Sijawahi kula kitu kigumu kumeza kama kile.

Nimewadharau wengi katika kurasa hizi, na hakuna niliyemdharau kwa haki kama huyu anayeandika. Kwa hiyo natamka: maelezo niliyoyasaini tarehe 4 Desemba kuhusu Dolmaru ni ya uongo, na nayafuta. Mhariri aliniruhusu kupeleka kurasa hizi kwa mchapaji bila yeye kuzipitia, akiamini kwamba mimi sina la kusema. Jarida linatoka Jumatano na kila diwani hupelekewa nakala. Kura ya bajeti ni Ijumaa. Ukurasa unaofuata ulitengwa kwa picha yangu kama kiongozi mpya. Nimeiondoa, na mahali pake nimeweka anwani za nyumba mia mbili themanini na saba.

Bi. Tak, asante kwa kusoma karatasi kabla ya kuzipiga muhuri. Asante kwa kunilisha siku niliyostahili kufukuzwa. Lala mpaka jua litoke, panda treni ile bure utakapofikisha umri, na uishi miaka mingi yenye joto. Jiwe lako litabeba jina tu, na mimi nitalisoma nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mo Gyu-seok, Kitengo cha Bajeti